Mibuni mitatu ya Muleba kwenye ua wa Dodoma

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma. Mwezi wa 6 mama mkwe alikuja kutoka Muleba na miche mitatu ya kahawa kwenye viriba, akaniambia nyumba isiyo na mbuni haijawa nyumba. Niliipanda mbele, mahali pa wazi ili ipate jua la kutosha, na naimwagilia maji ya bomba asubuhi na jioni bila kukosa. Sasa huu mwezi wa 9 majani yanakauka kuanzia kwenye ncha, mengine yamekuwa ya njano, na mche mmoja umebaki kijiti. Jirani anasema kahawa haioti Dodoma, niachane nayo. Ni kweli? Kama inawezekana, nifanyeje? Mama anarudi mwezi wa 12, sitaki akute imekufa."

Marahaba, dada yangu. Jirani yako hajakosea sana. Mtu akiniambia anataka kupanda ekari mbili za kahawa Chamwino au Bahi, namshauri alime zabibu, alizeti au mtama. Lakini wewe hukuuliza habari za ekari. Una miche mitatu, una ua, na una mama mkwe aliyesafiri na viriba mapajani kutoka Kagera mpaka huku. Mibuni mitatu inaweza kuishi Nkuhungu na ikazaa, ila si pale ulipoipanda, na si kwa kumwagilia hivyo.

Tuanze na mmea wenyewe, maana ukishaujua, mengi utayaamua mwenyewe bila kuniuliza. Kahawa ya Bukoba na Muleba kwa sehemu kubwa ni robusta, ambayo wataalamu wa mimea wanaiita Coffea canephora. Ni kichaka cha msituni. Asili yake ni misitu ya mvua inayoanzia Afrika Magharibi, ikapita bonde la Kongo na kufika Uganda; misitu ya aina hiyo inagusa hata Kagera yetu, pale Minziro mpakani. Ndani ya misitu hiyo mbuni hauchomozi juu. Unakaa chini. Juu yake kuna miti mirefu inayochuja jua, ubavuni kuna vichaka vinavyovunja upepo, na miguuni pake kuna majani makavu yaliyorundikana miaka nenda miaka rudi, mabichi kwa chini hata siku ambazo mvua haikunyesha.

Chuma jani moja ambalo bado ni zima ulitazame. Ni kubwa, limevimbavimba kati ya mshipa na mshipa, na mwisho wake umechongoka kama mdomo wa birika. Ncha hiyo ni mchirizi. Kazi yake ni kudondosha maji ya mvua upesi ili jani lisikae limelowa. Ligeuze sasa. Kwenye pembe ambapo mishipa midogo inakutana na ule wa katikati utaona vishimo vidogo sana; ndani yake huishi utitiri mdogo usio na madhara kwa mbuni. Jani hili limeumbwa kwa ajili ya mahali penye maji mengi kupita kiasi. Ndiyo maana linapoletwa huku, ile ncha ya kudondoshea maji ndiyo inayotangulia kuungua: maji ya mmea hufika pale mwisho kabisa, na chumvi iliyobebwa nayo huishia palepale.

Watu wengi wanadhani Dodoma inaishinda kahawa kwa joto. Si hivyo. Bukoba iko kwenye mwinuko wa mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari. Dodoma mjini ni mita 1,120 hivi. Ni karibu mwinuko mmoja. Tofauti iko hewani. Bukoba inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa misimu miwili, na ziwa liko pale pale likiilowesha hewa. Sisi tunapata milimita 550 hadi 600, karibu zote zikiwa kati ya mwezi wa 12 na wa 4, halafu anga linafunga miezi saba. Juu ya hapo kuna upepo wetu wa kiangazi, huu unaotoka mashariki na kusini mashariki, unaopeperusha vumbi mpaka ndani ya kabati la vyombo. Upepo huo unanyonya maji kwenye jani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Na mizizi ya robusta mingi iko juu juu, ndani ya sentimita 30 za kwanza, ambako udongo unachemka. Kwa hiyo mbuni wako unaweza kuwa umesimama kwenye tope na bado jani linakauka kwa kiu. Wewe ukiona limekauka, unaongeza maji. Mizizi inakosa hewa, inaanza kuoza, jani linazidi kukauka, nawe unaongeza tena.

Kuna na suala la maji yenyewe. Angalia ndani ya birika lako la chai: ule ukoko mweupe. Maji yetu mengi hapa yanatoka visimani, yana chokaa na chumvichumvi. Kwa kunywa hayana shida, na mnyanya au mchicha unavumilia. Mbuni umezoea udongo wenye uchachu kiasi, pH ya 5.5 hadi 6.5, na unaponyweshwa maji ya chokaa kila siku mara mbili, mizizi inashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yapo tele kwenye huo udongo mwekundu. Yachunguze yale majani ya njano. Kama ni machanga ya juu, rangi ni ya njano lakini mishipa imebaki kijani, hiyo ni njaa ya chuma. Kama ni ya chini, yamekuwa ya njano yote na yanadondoka, hapo ni mizizi kulemewa na maji. Nadhani utakuta yote mawili.

Sasa nenda umpigie mama mkwe. Usimwambie majani yanakauka. Muulize tu, kibanjani kwake mbuni umekaa wapi? Atakuambia uko chini ya mgomba, pembeni kuna maharage, na juu ya udongo kuna nyasi zilizotandazwa na majani ya migomba. Wahaya hawaoteshi mbuni peke yake uwanjani. Kibanja ni msitu uliopangwa na watu: mgomba umechukua nafasi ya miti ya juu, nyasi zimechukua nafasi ya majani yaliyoanguka. Alikuletea miche, msitu ukabaki Muleba. Hapo ndipo kazi yako ilipo, na inatangulia maji na mbolea.

Usiing'oe kuihamisha leo. Huu ni mwezi mbaya kabisa wa kuhamisha kitu chochote chenye jani pana. Iache pale pale, uijengee makazi ya muda. Chomeka fito nne kuzunguka kila mche, juu yake weka neti nyeusi ya kivuli, ile inayozuia nusu ya jua, au mabua ya mtama yaliyofungwa kwa kuachiana nafasi ili mwanga upenye. Upande wa mashariki na kusini zungushia viroba vilivyopasuliwa, kuanzia chini mpaka kimo cha kiuno. Hilo la viroba usilidharau. Kama ningeruhusiwa kukupa kitu kimoja tu kati ya kivuli na kizuizi cha upepo, kwa mwezi huu ningekupa kizuizi.

Halafu tandaza nyasi kavu, unene wa kiganja kilichosimama kwa ubavu, kipenyo cha mita moja. Nina mibuni kwangu, na siku moja ya mwezi wa 10, saa nane mchana, niliweka kiganja juu ya udongo mtupu nikashindwa kukiacha pale. Nikasogea hatua mbili, nikauingiza mkono chini ya nyasi: ubaridi kama ubavuni mwa mtungi, na nyungunyungu wawili wakajikunja. Ni ua uleule, jua lilelile. Ila sikiliza hili kwa makini, kwa sababu lilinigharimu miche minne mwaka wa kwanza. Nilitandaza mabua ya mahindi mpaka yakagusa shina. Mchwa wakajenga ndani yake kimya kimya, wakatafuna gome kuzunguka shina lote, na nilipokuja kuona majani yananyauka nikadhani ni ukame, nikaongeza maji. Dodoma mchwa wako kila mahali. Nyasi zikae mbali na shina kwa upana wa kiganja, na kila wiki zifunue uangalie. Ukiona njia za udongo za mchwa zinapanda, zivunje.

Maji. Kwanza mwagilia mara moja kwa wingi, ndoo mbili za lita 10 kwa kila mche, polepole, ili chumvi iliyojikusanya juu isukumwe chini ya mizizi. Kisha acha siku nne. Baada ya hapo ndoo moja mara mbili kwa wiki, jioni, kwenye udongo na si kwenye majani. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole chini ya nyasi hadi kiungo cha pili. Kama kidole kinatoka na udongo ulioshikana, subiri kesho. Maji ya kufulia na ya kuogea usiyapeleke kwenye mbuni, yana sabuni na chumvi zaidi. Nitakuambia pa kuyapeleka.

Wakati huo huo tayarisha makao ya kudumu. Mahali pazuri ni upande wa mashariki wa nyumba, ambapo ukuta utaanza kuleta kivuli jua linapopita utosini. Jua la asubuhi mbuni unalifurahia. Tatizo ni kwamba upande huo ndio unaopokea upepo, kwa hiyo mita tatu mbele ya mashimo, panda mstari wa mbaazi mvua zitakapoanza. Mbaazi inaota haraka, inavumilia ukame wetu, inakupa na mboga, na inarutubisha udongo. Katikati panda mipapai miwili. Kama una mahali maji ya kuogea yanapotokea, hapo weka migomba miwili mitatu, nayo itakunywa hayo maji bila kulalamika na kuleta kivuli kama cha Muleba. Mwarobaini una kivuli kizuri, lakini usipande mbuni chini yake, mizizi yake inapora maji yote.

Mashimo yachimbwe sasa, yasisubiri mvua: sentimita 60 upana, 60 urefu, 60 kina, na umbali wa mita tatu kati ya shimo na shimo. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza kabisa, yaani isiyotoa harufu na isiyo na joto ukiishika, urudishe shimoni, ukae na kushuka mpaka mvua. Samadi ya zizini iliyokauka juani miaka mingi ina chumvi nyingi. Ukipata ya namna hiyo, weka nusu debe tu uchanganye na majani yaliyooza. Kama eneo lako ni la udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kutuama maji masika, usipande hapo kabisa.

Hamisha miche mvua ikishalowesha udongo kina cha mkono, kwa kawaida mwisho wa mwezi wa 12 au mwanzoni mwa mwezi wa 1. Kata udongo kuizunguka, uinue na bonge lake. Hapo utauona mzizi mkuu. Miche iliyokaa sana kwenye kiriba huwa mzizi wake umejikunja chini kama ndoano. Ukiukuta hivyo, kata palipojikunja kwa kisu kikali, vinginevyo mmea utakua mwaka mmoja au miwili halafu udumae. Na usiondoe kivuli eti kwa sababu mvua zimefika. Mwezi wa 2 Dodoma hukata mvua wiki mbili au tatu, kila mkulima wa hapa anaujua ukame huo, na miche mingi hufa wakati huo, mwenyewe akiwa ameshaacha kuiangalia.

Mvua hizo hizo ndizo dawa ya maji yako ya chokaa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Bati la mita 50 za mraba, kwa milimita 550, linateremsha lita 27,500. Miche yako mitatu, kwa ndoo moja mara mbili kwa wiki, wiki 30 za kiangazi, inahitaji lita 1,800. Ikishakua, iongezee mpaka ndoo mbili, yaani lita 3,600. Kwa hiyo tangi la lita 5,000 na mfereji wa bati vinatosha, hutahitaji kuipa tena maji ya bomba ila kwa dharura. Maji ya mvua ya kwanza yaache yapite, yanaosha vumbi la bati.

Mbolea ya dukani isubiri miche ichipue majani mapya. Ukiweka, chagua SA (salfeti ya amonia) badala ya CAN (ile yenye chokaa ndani yake), kwa sababu SA inaongeza uchachu kidogo kwenye udongo, na ndicho tunachotaka hapa. Vijiko viwili vya chakula kwa mche, mara mbili wakati wa mvua, mbali na shina. Haitakiwi zaidi ya hapo.

Kuna jambo moja ambalo hukuniuliza, nami lingeniuma kama ungeligundua baada ya miaka minne. Robusta haijirutubishi yenyewe. Chavua ya mbuni mmoja haizalishi matunda kwenye maua ya mbuni huohuo. Lazima itoke kwenye mbuni mwingine wa damu tofauti, ikiletwa na upepo au nyuki. Arabika ya Kilimanjaro inajitosheleza, hii ya kwenu hapana. Sasa muulize mama: miche hii aliiotesha kwa mbegu au kwa vipandikizi? Ikiwa ni ya mbegu, kila mmoja ni mtu na nduguye, watarutubishana. Ikiwa ni vipandikizi vya shina moja, hata ungekuwa navyo kumi ni kama mbuni mmoja, utapata maua bila matunda. Vipandikizi pia havina mzizi mkuu, kwa hiyo kiangazi vinahitaji uangalizi zaidi. Ikiwa ni hivyo, mwombe akija mwezi wa 12 alete mche mwingine mmoja au miwili, na safari hii isitoke kwa jirani. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Maruku, karibu na Bukoba mjini, kina robusta zinazostahimili mnyauko fuzari, ugonjwa ambao umemaliza mibuni mingi Kagera.

Ukifika mwaka wa tatu, mwisho wa kiangazi, utaona kwenye matawi ya pembeni vitumba vyembamba vya kijani vilivyosimama mafungu mafungu kama mishumaa. Vinakaa hivyo vikisubiri maji. Mvua ya kwanza nzito ikishuka, hesabu siku nane hadi kumi, na asubuhi moja utafungua mlango ukute tawi zima limekuwa jeupe, harufu kama asumini. Maua hayo hayadumu, siku mbili tatu yanakuwa kahawia. Usisikitike. Matunda yatachukua miezi 9 hadi 11 mpaka yaive. Matunda huja kwenye matawi ya pembeni tu, na tawi la pembeni likikatwa halirudi mahali pake, kwa hiyo watoto wasiyavunje. Maotea yanayosimama wima kutoka shinani yapunguze, ubakize mashina mawili au matatu kwa kila mbuni.

Utavuna kiasi gani? Kilo tano za matunda mabichi zinatoa kama kilo moja ya kahawa safi, na kwa Dodoma nisingekuahidi kilo tano kwa mbuni mmoja. Vikombe vya nyumbani utapata. Ila mama mkwe anaweza kukufundisha jambo bora zaidi: kuyachuma yakiwa bado na ukijani, kuyachemsha na majani yenye harufu, na kuyaanika mpaka yakakamae, uwe na kahawa ya kutafuna ya kumkaribisha mgeni kama inavyofanyika kwao. Kwa hiyo hata matunda machache yana kazi.

Tubaki na ule mche uliobaki kijiti. Usiung'oe bado. Kwangua gome kwa ukucha, kuanzia juu ukishuka. Ukikuta ukijani popote, hata kama ni inchi mbili tu juu ya udongo, kata kijiti sentimita moja juu ya pale ukijani unapoanzia, uwekee kivuli kama wenzake, maji nusu yao, na usubiri. Chipukizi linaweza kutoka ndani ya mwezi mmoja hadi miwili. Ukikuta kahawia kavu mpaka chini, umekufa kwa kukauka, shimo lake litapokea mche mpya. Lakini ukikuta chini ya gome kuna michirizi ya rangi nyeusi inayoelekea ubuluu, huo ni mnyauko fuzari uliosafiri nao kutoka Kagera. Hapo ng'oa na mizizi yake, uchome moto palepale, kisu ulichotumia kioshe kwa maji ya jiki, na shimo hilo usilipande kahawa tena. Fanya hilo la ukucha leo jioni kabla ya kumwagilia, kisha uniandikie umekuta rangi gani.